Fundi Sentimita na Magauni ya Mwalimu

Mume wangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Sentimita. Jina hilo hakupewa kwa sababu ya ufupi, ingawa hata urefu hakujaliwa sana. Alipewa kwa sababu akikupima suruali anakupima mara tatu, anaandika, anafuta, anapima tena, halafu anakuuliza kama jana ulikula sana. Mimi kazi yangu pale dukani ni vifungo, matundu yake na marembo yote ya mkono. Miaka ishirini na sita tumekaa tumepeana migongo, yeye na cherehani yake dirishani, mimi na sindano yangu mlangoni, na sijawahi kushinda ubishi hata mmoja kuhusu urefu wa pindo.

Ana dada mmoja, mkubwa wake kwa miaka minane. Wifi yangu huyo ni muuguzi mkuu katika nyumba ya wagonjwa ambao madaktari wameshawaambia ukweli kwamba hawatapona. Pale hawatibiwi ili wapone. Wanatunzwa wasiumie, wale, walale, wacheke kama kuna cha kucheka. Ni nyumba ya ghorofa moja, vitanda kumi na viwili, na veranda ndefu yenye viti vya plastiki.

Jumatatu moja asubuhi wifi aliingia dukani na gunia, akalimwaga juu ya meza ya kukatia, juu ya koti la bwana harusi lililokuwa bado na chaki.

"Mdogo wangu, kamba zimekatika. Zirudishie."

Yalikuwa magauni ya wagonjwa, yale ya kitambaa chepesi yanayofungwa nyuma. Sentimita aliinua moja dirishani, akaona mwanga unapita, akalipindua, akatazama mgongoni palivyo wazi kuanzia shingo hadi chini.

"Nani kashona hii?"

"Sijui. Imetoka kiwandani."

"Na mgonjwa akisimama?"

"Anashika nyuma kwa mkono mmoja."

"Na mkono wa pili?"

"Umeshika mti wa dripu."

Mume wangu akalirudisha gauni mezani. "Kwa hiyo mtu mzima anamalizia siku zake duniani akiwa ameshika makalio yake?"

"Mdogo wangu, lugha hiyo!"

"Lugha gani, dada? Mimi naongea habari za ushonaji."

Kesho yake akafunga duka saa nne, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi yetu, akaniambia nibebe kopo la vifungo. Tukaenda.

Sitadanganya, niliogopa. Nilidhani nitakuta kilio kila chumba. Nilichokuta ni redio inayotangaza mpira, mzee anayebishana nayo, na harufu ya sabuni. Mtu wa kwanza aliyeniogopesha hasa alikuwa mama mmoja wa chumba namba nne, kitanda cha dirishani. Alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na minne, kumi na mmoja kati ya hiyo akiwa mwalimu mkuu, na wote pale, hata daktari, walimwita Mwalimu. Ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye mifupa. Mkono wa kushoto haukuinuka kupita kifua. Kwa mwezi mzima alikuwa amevuta pazia kuzunguka kitanda, na wanafunzi wake wa zamani waliokuja kumwona walirudishwa mlangoni na matunda yao.

Sentimita alibisha hodi kwenye pazia, kama vile pazia linabishwa.

"Wewe ni daktari?" sauti ikauliza.

"Hapana, Mwalimu. Mimi ni fundi."

"Bomba bovu liko kule bafuni."

"Fundi wa nguo."

Pazia likasogea inchi moja. Jicho likatutazama. "Nguo gani? Unaona nguo hapa? Nina magauni thelathini na moja kabatini kwangu, na halipiti hata moja. Mkono haupandi. Nimebaki na hiki kishuka cha kamba, halafu watu wanataka kuja kunitazama. Watazame nini?"

"Mwalimu," mume wangu akasema, "nani amesema gauni lazima lipitie kichwani?"

Akamweleza. Gauni linakatwa mgongoni, kuanzia kola hadi pindo. Kila upande unaongezewa kipande, halafu pande mbili zinapandana kama milango. Mgonjwa anaingiza mikono kwa mbele akiwa amelala vilevile, muuguzi anafunga vifungo viwili vitatu ubavuni, basi. Anayemtazama analiona gauni lilelile la siku zote.

Pazia likafunguka lote. Alikuwa mwembamba, macho makali, nywele nyeupe zimekatwa karibu. "Yaani mbele ni mimi, nyuma ni siri."

"Siri yenye vifungo."

"Zinapandana kiasi gani?"

"Sentimita kumi na mbili."

"Fanya kumi na tano. Mimi si mtu wa kubahatisha."

Mume wangu akachomoa penseli sikioni. Hakuna mteja aliyewahi kumbadilishia kipimo akakubali. Siku ile aliandika kumi na tano, wala hakufuta.

Kikwazo kikawa binti. Mwalimu alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kike, anayefanya kazi mapokezi kwenye ofisi ya mawakili. Alikuja kila mchana wakati wa mapumziko, na viatu vyake vya kisigino kirefu ulivisikia tangu getini. Alitukuta verandani, akatuamkia kwa adabu, "Shikamoo fundi, shikamoo mama," na mara baada ya marahaba akatupiga marufuku.

"Nguo za mama zisiguswe na mkasi. Nimeshazipangia. Nitazitunza zote kabatini kama zilivyo, na harufu yake ikiwamo."

"Binti yangu," Sentimita akasema, "mwenye nguo hajaondoka."

Hakusema kwa ubaya, lakini maneno yalitoka makavu kama chaki. Binti akaanza kulia pale pale, mkoba begani. Mume wangu hawezi machozi ya mtu. Akaanza kukunja futi yake ya kupimia, akaikunjua, akaikunja tena. Nilikuwa natafuta la kusema dirisha lilipojibu badala yangu.

"Nawasikia! Miguu ndiyo imechoka, masikio bado. Ingieni wote."

Tukaingia kama wanafunzi waliochelewa. Mwalimu akamkazia mwanawe macho.

"Unanirithi huku nimekukodolea macho?"

"Mama, si hivyo..."

"Ni hivyo hasa. Unataka gauni langu lining'inie limenyooka kabatini, na mimi nilale hapa na kishuka cha kamba. Kati yangu na gauni, nani mama yako?"

Binti alicheka kabla hajamaliza kulia, ikawa vurugu ya leso. Walikubaliana yaje magauni manane, Mwalimu ayataje mwenyewe kwa rangi, na mengine yabaki salama.

Jumamosi binti akaleta mfuko dukani. Mimi nilikuwa nimekwenda kununua uzi. Niliporudi nikamkuta mume wangu katikati ya kazi, anapiga mluzi, mkasi unateleza, na mezani kuna gauni la rangi ya zabibu limeshapasuliwa mgongo wote. Nikalitazama. Kiuno chembamba. Mishono ya kisasa. Zipu ya pembeni.

"Baba watoto, hili la Mwalimu?"

"Zamani alikuwa mwembamba."

"Hili ni la mwaka gani?"

Kabla hajajibu, viatu vya kisigino vikasikika barabarani, tena mbio. Binti akaingia anahema. "Samahani fundi, nimesahau gauni langu humo kwenye mfuko, nilikuwa nalipeleka kwa dobi..."

Akaliona.

Nimeishi na mtu huyu tangu tulipokuwa vijana, sijawahi kumwona na sura ile. Alisimama na mkasi mkononi kama mtu aliyekamatwa na kamba ya mbuzi asiye wake. Mtu anayepima mara tatu hakuwa amehesabu magauni hata mara moja. Walisema manane, yalikuwa tisa.

"Jumatatu nina usaili," binti akasema, taratibu sana. "Wanatafuta msimamizi wa ofisi. Nimelinunua kwa ajili hiyo."

"Jumatatu utalivaa," Sentimita akasema, akauweka mkasi chini.

Kulirudishia tu haikuwezekana. Mkasi ukipita, kitambaa kinaliwa, na ukikaza mshono pumzi inabana. Jumapili tukaamkia kazini. Yeye akatafuta kitambaa cheusi kizito, akakata ukanda mwembamba, akauingiza mgongoni wote. Mimi nikatengeneza vifungo ishirini na viwili, vidogo kama punje za mahindi, kila kimoja nimekivika kitambaa chenyewe cha zabibu, nikavipanga kwenye ule ukanda kuanzia shingoni hadi kiunoni. Hatukubishana hata mara moja. Mpaka saa tisa alasiri tulikuwa tumemaliza, vidole vyangu vimekufa ganzi.

Jumatatu asubuhi binti alipitia kwa mama yake kwanza, na sisi tulikuwapo, maana Sentimita alitaka ahukumiwe akiwa wima. Ikabidi Mwalimu aelezwe. Masimulizi yalipofika pale pa "zamani alikuwa mwembamba", alianza kucheka. Alicheka bila sauti kwanza, mabega yanatikisika, halafu kwa sauti, halafu kwa kukohoa, hadi wifi yangu akaja mbio na mtungi wa oksijeni.

"Nani anamuua mgonjwa wangu?"

"Mdogo wako," Mwalimu akasema, akijifuta macho kwa mkono unaopanda. "Mwache, aendelee." Kisha akamwambia binti, "Geuka. Tena. Polepole, mtoto, si mbio za magunia." Akavitazama vile vifungo kimoja kimoja. "Sasa ni zuri kuliko lilivyokuwa. Nenda."

Kazi alipata. Sisemi ni vifungo. Lakini alituambia kwamba alipoagwa kwenye chumba cha usaili aliondoka kwa kuwapa mgongo, na mama mmoja kati ya wasaili akamfuata koridoni kumuuliza fundi wake ni nani.

Toka siku hiyo binti akalainika. Akawa anakuja mchana, anavua viatu, anakaa kwenye kiti cha plastiki na kufumua mishono pamoja nami, huku mama yake akisimulia kila gauni lilikotoka. Hili la maua alivaa siku alipohamishiwa shule ya tatu. Hili la kijivu alivaa siku alipomwambia marehemu mumewe achague kati yake na pikipiki. Hili jeusi alilinunua kwa msiba wa mtu asiyempenda. "Nililia vizuri sana siku ile," akasema. "Gauni lilinisaidia."

Binti alikuwa hajui hata moja ya hayo. Siku nyingine alisahau kurudi ofisini.

Pazia likaondolewa. Wanafunzi wa zamani wakarudi, safari hii wakapokewa. Nakumbuka wanaume watatu wenye vitambi, wamesimama mstari mmoja mbele ya kitanda bila kuambiwa. Mwalimu alikuwa na gauni la bluu lenye kola nyeupe. Akamnyooshea kidole wa katikati, ambaye ni mhandisi wa madaraja. "Saba mara nane?"

"Hamsini na... nne, Mwalimu."

"Sipiti kwenye daraja lako."

Vyumba vingine navyo vikaanza kudai. Mzee wa mpira alitaka fulana ya timu yake ipasuliwe hivyohivyo. Mama mwingine alitaka mikono mirefu ifiche mishipa. Na kwa kuwa nguo zote zilikuwa zikichanganyika huko mahali pa kufulia, nikaanza kutarizi alama ndogo karibu na kola, kila mtu achague yake. Mmoja alitaka kuku, mwingine ufunguo, mzee wa mpira alitaka penalti, nikamwambia penalti haitariziki, akapata goli tupu. Mwalimu alichagua alama ya kipeuo cha pili. Niliitarizi mara tatu. Mbili za kwanza alisema mkia ni mfupi.

Wiki zilivyokwenda alizidi kupungua. Gauni la bluu likaanza kumkaa kama la mtu mwingine, na Sentimita, bila kusema kitu, kila Jumanne alikuwa akihamisha vifungo vya ubavuni. Alidhani hajaonekana.

"Fundi, umehamisha vifungo," Mwalimu akasema.

"Kidogo."

"Kiasi gani?"

Nilimtazama mume wangu. Nilijua anatamani kudanganya, na nilijua hawezi, si kwa kipimo. "Wiki ya kwanza moja. Wiki iliyopita mbili. Leo nne."

Mwalimu akatazama nje dirishani muda kidogo. "Inaongezeka maradufu," akasema. "Basi hesabu yake naijua." Nilijifanya natafuta uzi. Kisha akageuka. "Kuna gauni jekundu kule nyumbani, kwenye karatasi yake bado. Nilinunua miaka kumi na miwili iliyopita, nikaona ni jekundu mno kwa mwalimu mkuu. Nalitaka Alhamisi."

"Alhamisi ni keshokutwa, Mwalimu. Tuseme Ijumaa..."

"Alhamisi."

Alhamisi likawa tayari. Lilikuwa jekundu kweli, jekundu la pilipili iliyoiva, na sote tulipaza sauti alipovikwa. Binti alimpaka mafuta usoni na rangi kidogo midomoni. Wifi yangu na wenzake wakamweka kwenye kiti cha magurudumu wakamtembeza veranda nzima, mwisho hadi mwisho, na kila mlango ulipofunguka watu walipiga makofi. Mzee wa mpira alizima redio kwa heshima, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mwalimu aliinua mkono ule mmoja kama malkia. Alivyorudi kitandani alikuwa hoi, akakataa kulivua.

"Nimelichelewesha miaka kumi na miwili," akasema. "Acheni nilichoshe."

Alilala nalo Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Jumapili saa nne asubuhi, binti akiwa ameshika kiganja chake na wifi yangu ananyoosha mto, alivuta pumzi moja ndefu na hakuvuta nyingine. Walitupigia simu tukaenda. Alikuwa amelala vizuri, gauni lake jekundu limemfunika mpaka vifundoni. Binti hakuwa analia tena wakati ule. Aliniuliza tu kama naweza kumwonyesha jinsi ya kukaza kifungo kimoja kilicholegea ubavuni, akakikaza mwenyewe, mishono sita, akakata uzi kwa meno.

"Aende nalo," akasema.

Tulivyorudi dukani Sentimita aliketi kwenye cherehani akaanza kukanyaga. Alikanyaga muda mrefu, gurudumu linazunguka, sindano inapanda na kushuka. Nikamwambia, "Baba watoto, humo hamna uzi."

"Najua," akasema, akaendelea. Nikamwacha. Nikachemsha chai, nikaiweka karibu, na alipoinywa ilikuwa imepoa.

Binti alichukua gauni moja tu, lile la bluu. Saba yaliyobaki aliyaleta mwenyewe kwa wifi yangu, yamefuliwa na kupigwa pasi, akasema wavae wanaopenda. Baada ya wiki wifi akatoa vitanda vibovu kwenye chumba cha stoo, akapaka rangi, akapata cherehani kuukuu ya kukanyaga, na Jumanne na Alhamisi ndiko tunakoshinda. Wateja wa suruali wananung'unika. Binti huja Alhamisi baada ya kazi. Pindo zake bado zinapanda na kushuka, lakini vifungo anavijua.

Wiki iliyopita ameingia dereva wa zamani wa malori, mtu mkubwa, kitanda kimeongezewa ubao. Hataki kusikia habari ya gauni. Anataka koti lake la safari, lenye mifuko minne, na mfuko wa kifuani uweze kubeba redio yake ndogo, maana mikono imeanza kutetemeka na anaiangusha. Tumejaribu mara mbili. Redio ni nzito, inavuta kitambaa, koti linakwenda upande.

"Weka turubai kwa ndani," dereva akasema. "Turubai limenibebea saruji nusu ya maisha yangu, litashindwa redio?"

Sentimita akajikuna kichwa. Mimi nikasema turubai litamchubua kifuani. Binti akasema tulivike pamba upande wa ndani. Tukabishana hadi chai ikaletwa. Kesho tunajaribu na turubai.